Niliambiwa mimi ni mtu wa kusikia

Watu wakijua kwamba nilirudia KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza kidato cha nne, nikiwa mama wa watoto watatu na fundi wa nguo hapa soko la Kibuye, Kisumu, swali la kwanza huwa ni nilipata wapi muda. Muda ulikuwa mchache kweli, lakini kuna kilichonigharimu zaidi. Kwa miezi mingi nilisoma kwa njia niliyoambiwa ndiyo inayonifaa mimi binafsi, nikaingia kwenye mtihani wa mwigo, ule wa majaribio kabla ya KCSE yenyewe, na imani tele, na karatasi zikarudi zimejaa wino mwekundu. Naandikia mtu anayejiandaa sasa hivi, hasa yule asiye na mwalimu wa kumsimamia kila siku.

Kidato cha nne nilikuwa nimetoka na D+. Kwa miaka hiyo yote nilishona sare za shule, nikasomesha wadogo zangu, nikaolewa, nikazaa. Kilichonirudisha darasani ni chuo nilichokuwa nakitamani kutaka C, na umri nao ukawa haunisubiri. Nikajisajili na KNEC, baraza la mitihani la Kenya, kama mtahiniwa wa kibinafsi, masomo saba ili nipate gredi kamili: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Bayolojia, Kemia, Historia na Serikali, na Elimu ya Dini ya Kikristo. Kama na wewe unawaza njia hiyo, anza kuulizia usajili na kituo mwanzoni kabisa mwa mwaka. Vituo vingine havitaki watahiniwa wa nje, hasa kwa masomo yenye karatasi ya maabara, na ukichelewa unabaki kuzunguka mji na faili kwapani.

Sasa hilo la kusikia. Rafiki yangu alinialika kwenye semina moja hapa mjini, kiingilio shilingi 1,500, ya kumsaidia mtu ajue anavyojifunza. Tulipewa fomu ya maswali. Ukinunua simu mpya unasoma maelezo, unamwomba mtu akuelekeze, ama unaanza tu kubonyeza? Ukipotea njia unataka mchoro ama unauliza watu? Nilijibu kwa ukweli, kwa sababu mimi kuuliza ndiyo kawaida yangu. Kutoka Kondele hadi Nyamasaria nitauliza watu watatu hata kama njia naijua. Mwisho wa siku nikaambiwa mimi ni mtu wa kusikia. Jirani yangu kwenye kiti, soja wa usiku, yaani mlinzi, ambaye pia alikuwa anarudia mtihani, akaambiwa yeye ni mtu wa vitendo. Tulitoka tumefurahi kama waliopewa majibu ya mtihani.

Mgawanyo ule wa kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda ulitangazwa sana na Neil Fleming wa New Zealand kuanzia mwaka 1992, ingawa wazo lenyewe ni la zamani kumliko yeye. Ukiiangalia fomu vizuri utaona inauliza unachopenda. Haikupi jambo la kujifunza kisha ikakupima baada ya wiki uone umebakiwa na nini. Siku ile sikuliona hilo, na kwenye ukumbi mzima sikumsikia mtu akiliuliza.

Basi nikajirekodi. Nilisoma maelezo ya Historia na Bayolojia kwa sauti kwenye simu, nikanunua visikizi, nikawa nasikiliza nikishona, nikisikiliza kwenye matatu, nikisikiliza nikipika. Raha yake siwezi kuikana. Kufikia mara ya nne najua sentensi inayofuata kabla sauti haijaitoa. Nikawa natembea na uhakika wa mtu aliyemaliza silabasi.

Mwigo ulipofika, swali la Historia lilitaka sababu za Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, kushirikiana na Waingereza. Nilikuwa nimesikiliza kisa cha Mumia hadi nikakichoka. Kwenye karatasi nikaandika sababu moja, kwamba alitaka msaada dhidi ya maadui zake, halafu kalamu ikasimama. Nilijua kabisa kwamba kuna nyingine. Nilikuwa hata naikumbuka sauti yangu ikizitaja, namna nilivyokohoa katikati, lakini zenyewe hazikuja. Bayolojia ikawa mbaya zaidi. Tuliambiwa tuchore moyo na kutaja sehemu zake, na sauti haichori. Hisabati wala sitaki kuisimulia.

Soja naye alikuwa na yake. Kwa kuwa aliambiwa ni mtu wa vitendo, aliacha kusoma vitabu kabisa akisema havimfai kimaumbile. Akawa anangoja apate vya kushikashika. Sasa Elimu ya Dini utaishikashika vipi? Hapo ndipo naona ubaya mkubwa wa majina haya. Mtu akishapewa lake, anapata ruhusa ya kuacha yale magumu.

Aliyenitoa huko ni mwalimu mstaafu anayekaa mtaa wa pili, mteja wangu wa suruali za kupunguza. Alinikuta na visikizi masikioni, akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia ni figo na kazi zake.

"Vizuri. Toa hivyo vitu masikioni," akasema. "Sasa, nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "niambie damu ikifika kwenye figo inafanyika nini."

Nilianza kwa kasi, nikataja kuchujwa, nikataja maji, nikaanza kusema "na vitu vingine." Akanyoosha mkono. "Vitu gani?" Sikuwa na jibu. Akachukua suruali yake, akalipa, akaniambia kila nitakapomaliza ukurasa nifunge kitabu na kujiuliza swali lile lile. Mzee hana maneno mengi.

Jioni ile niliweka bando na kuanza kutafuta. Nikakuta kwamba mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, waliupitia utafiti wote wa mitindo ya kujifunza. Walisema dai hili likitaka kuaminika, lazima watu wagawanywe kwa aina zao, kisha ndani ya kila aina wengine wafundishwe kwa njia yao na wengine kwa njia isiyo yao, wote wafanye mtihani mmoja, na kila kundi lionekane limefaulu zaidi kwa njia yake. Tafiti zilizofanywa hivyo zilikuwa chache sana, na baadhi yake zilionyesha kinyume. Watu wana wanachopenda, hilo hawakulikataa. Walichokosa ni ushahidi kwamba kumfundisha mtu kwa anachopenda kunamfanya ajue zaidi.

La pili nililokuta ndilo lililonichoma. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kimoja cha St. Louis huko Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha maandishi. Baadhi wakakisoma tena. Wengine walikiweka kando na kuandika yote waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, na wale waliojipima bila kitabu wakabaki na 56. Nilisoma zile namba zaidi ya mara moja. Raha niliyokuwa naipata kwenye visikizi ilikuwa ile ya dakika tano.

Kwa hiyo nikabadilisha. Nitaeleza nilivyofanya kwa Historia kwa kirefu kidogo, maana masomo ya kukumbuka yote yalifuata mkondo huo.

Nilinunua karatasi ya manila, nikaikata kwa mkasi wangu wa kazi vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu kwa nukta fupi. Kipande cha Mumia nyuma yake kilisema: alitaka msaada dhidi ya Waluo wa Ugenya na Wabukusu, alitaka kutambuliwa na kupanua milki yake, aliona kupigana na mzungu ni kazi bure. Kingine kiliuliza reli ilifika Kisumu mwaka gani, jibu 1901. Kingine: Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa mwaka gani, 1905. Vile vya tarehe tupu viliniingia upesi, ila havina alama nyingi kwenye mtihani. Vilivyonisaidia ni vya "kwa nini." Nikiweka cha Mumia na cha Koitalel pamoja najiuliza mbona mmoja alikaribisha Waingereza na mwingine akapigana nao miaka mingi, na wote wako upande huu wetu wa magharibi. Kujibu hilo kwa sauti, peke yangu kwenye cherehani, kulinifundisha sura nzima.

Vipande nilivitia kwenye kasha tupu la nyuzi lenye vyumba vitatu. Chumba cha kwanza ni cha kila siku. Nikikijibu sawa, kinahamia chumba cha pili, ambacho nakifungua kila baada ya siku tatu nne. Nikijibu sawa tena, kinakwenda cha tatu, mara moja kwa wiki ama mbili. Nikikosea, hata kikiwa chumba cha mwisho, kinarudi cha kwanza. Utaratibu huu aliueleza Sebastian Leitner kwa Wajerumani mwaka 1972, na unategemea jambo ambalo Hermann Ebbinghaus alilionyesha mwaka 1885 kwa kujipima mwenyewe: tunasahau kwa haraka mwanzoni, na marudio yaliyoachanishwa siku hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Onyo moja tu. Usigeuze kadi kabla hujajibu. Mkono una haraka sana, na ukishaona jibu utajiambia ulikuwa unalijua. Mimi nilimpa binti yangu wa kidato cha pili azishike yeye. Hana huruma. "Mama, umesahau moja. Hiyo ni robo." Nikimwomba anidokeze anacheka tu na kuirudisha chumba cha kwanza.

Bayolojia ilitaka jambo jingine. Moyo nilijifunza kwa kuuchora kwenye fulskepu bila kuangalia, kisha nafungua kitabu na kurekebisha kwa biki nyekundu. Mchoro wa kwanza ulikuwa na vyumba viwili na mshipa mmoja unaotokea popote. Nilirudia kesho yake, nikarudia baada ya siku kadhaa, na kila mara nyekundu ikapungua. Ateri ya mapafu ndiyo iliyonisumbua hadi mwisho, kwa sababu inabeba damu isiyo na oksijeni na mimi kichwani nimeweka kwamba ateri zote zina damu safi. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba njia ya kusoma huamuliwa na kitu unachokisoma. Mimi mwenyewe sikujifunza kutia kola ya shati kwa kusimuliwa, na hata aliyezaliwa na masikio ya popo hataijua hivyo. Mchoro uchore, ushairi usome kwa sauti, hesabu ifanye.

Hisabati ilinila muda kuliko yote, na hapo sikuwa na kadi. Nilikuwa na daftari la makosa. Kila hesabu niliyokosa kwenye maswali ya miaka iliyopita niliiandika upya, na chini yake sentensi moja ya kosa ni lipi. Baada ya wiki chache niliona kitu cha aibu kidogo: makosa yangu hayakuwa mengi, yalikuwa machache yanayojirudia. Ukurasa baada ya ukurasa nilikuwa nimeandika (x − 3)² ni x² − 9. Siyo. Ni x² − 6x + 9. Kile cha katikati nilikuwa nakimeza kila mara. Nikaanza kila kikao kwa kufungua mabano matano ya namna hiyo kabla ya kugusa lolote. Likaisha.

Jambo jingine la hesabu ni kuchanganya. Kitabu cha darasa kinakupa maswali ishirini ya mada moja, kwa hiyo kufikia la tatu hufikirii tena, unaiga tu la juu yake. Kwenye mtihani hakuna anayekuambia hii ni logariti na ile ni vekta. Nilipoanza kufanya karatasi nzima za miaka iliyopita, alama zangu zilishuka kwanza, nikakata tamaa, nikataka kurudi kwenye kitabu. Usirudi. Ule ugumu wa kutambua swali linataka nini ndio mtihani wenyewe. Maswali nilikuwa natolea fotokopi kwa kijana mmoja karibu na stendi, na kwa jumla fotokopi zilinigharimu kuliko ile semina, ila pesa hizo sizijutii.

Usinielewe vibaya kwamba kujijua hakuna maana. Kuna maana, ila si pale nilipokuwa nimeelekezwa. Nilichohitaji kujua juu yangu ni kwamba baada ya saa mbili usiku akili yangu imefungwa duka. Nilikuwa nakaa na Kemia hadi saa tano, macho wazi, mgongo unauma, na asubuhi hakuna kilichobaki. Nikahamisha hesabu saa kumi na nusu alfajiri, kabla watoto hawajaamka na kabla umeme haujaanza mchezo wake, na usiku nikabakiza kadi tu, tena chache. Nilichohitaji pia kujua ni mada gani siijui, na hilo huwezi kujiuliza kwa hisia. Karatasi iliyosahihishwa ndiyo inayokuambia. Na simu. Simu ilikuwa inakaa kwa jirani hadi saa kumi na mbili. Najua kwamba nikiwa nayo chumba kimoja nitaishika.

Jumapili Kibuye ni kelele tupu, kila mtu anajua, wala sikujaribu kusomea kwenye kibanda siku hiyo. Nilikwenda maktaba ya taifa mjini siku za kawaida mchana kazi zikiwa chache. Gharama ya kweli ilikuwa Januari, msimu wa sare. Nilikataa kazi za shule mbili ili nisome, na mume wangu hakulipenda hilo. Tuligombana. Mama mkwe ndiye aliyeamua, akasema watoto atakaa nao yeye Jumamosi, na mimi niache kulialia. Kama uko kwenye ndoa, zungumzeni habari ya pesa kabla ya kujisajili. Ukishajisajili kila shilingi inageuka ugomvi.

Soja nilimrudisha kwenye kusoma kwa njia ya ajabu kidogo. Tulikuwa watatu, mimi, yeye na mama mmoja muuza samaki wa Dunga, tunakutana Jumamosi jioni. Sheria ilikuwa kila mmoja anakuja kufundisha mada moja bila daftari mkononi. Yeye alipopewa Safari za Mtume Paulo alilazimika kusoma, maana hakutaka kuaibika mbele ya mama wa samaki. Alifundisha akitembea huku na huku kibandani, akitupanga sisi kama miji, mimi nikiwa Antiokia. Kwa hiyo vitendo vyake havikupotea. Ila vilikuja baada ya kitabu.

Wiki za mwisho sikuongeza kitu kipya. Nilifanya karatasi za Hisabati kwa saa, saa mbili na nusu kila moja, nikijifunza kugawa muda. Kwenye KCSE kila karatasi ina alama 100: sehemu ya kwanza maswali 16 ya lazima yenye alama 50, sehemu ya pili unachagua matano kati ya manane, alama kumi kumi. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila alama, kwa hiyo swali la sehemu ya pili lina dakika 15 tu. Likipita hapo, liache, nenda jingine. Kwenye mwigo nilikuwa nimeng'ang'ana na swali moja la trapeza hadi nikakosa maswali matatu rahisi yaliyokuwa nyuma ya ukurasa. Na soma maswali yote manane kwanza, hata kama moyo unakimbia.

Matokeo yalitoka nikiwa nashona gauni la harusi ya mtu. Hisabati ilitoka D- ikawa C-. Historia B. Kiswahili B-, Bayolojia C+. Jumla C, ile ile niliyoihitaji, bila hata nukta ya kutupa. Soja hakufika alipotaka na anarudia masomo yake mwaka huu. Kasha la nyuzi analo yeye, pamoja na kadi zote isipokuwa zile alizotafuna mtoto wangu wa mwisho. Kuhusu Kemia sina ushauri wowote wa kukupa. Nilipata D, na sikukusudia kuifungua tena.